Ghorofa ni ya nani? Wasia na mirathi kwa mtu wa Lamu

Hitima imeshasomwa, sinia zimeondolewa, wageni wa Mombasa wanatafuta viatu vyao mlangoni. Ndipo kijana mkubwa wa marehemu anapomsogelea ami yake na kumwambia kwa sauti ya chini: "Ami, nyumba tutagawana kama sheria ilivyo. Lakini ghorofa niliijenga mimi. Miaka sita nilikuwa nikituma pesa kutoka Jeddah." Dada zake wako nyuma ya pazia, wanasikia kila neno. Ikifika magharibi hakuna anayesema na mwenzake.

Kisa hiki nimekitunga, lakini hakuna mtu wa Lamu atakayekisoma asimkumbuke mtu. Badala ya ghorofa weka mashua, au kisima, au minazi ya Manda, ugomvi ni ule ule. Na tazama jambo moja: hapo hakuna aliyebisha juu ya mafungu. Kijana anajua dada yake hupata nusu ya fungu lake. Dada anajua mama yao ana thumuni, yaani moja ya nane. Wanachobishania ni kipi kilikuwa cha baba na kipi hakikuwa chake. Suala hilo kadhi hana njia ya kulijua ila kwa mashahidi, na wakili hawezi kulibuni. Aliyekuwa na jibu ni mmoja, na ameshazikwa.

Ndiyo maana ninapoulizwa kuhusu wasia huanza kwa kumwondolea mtu dhana kwamba wasia ni karatasi ya kugawa mali. Kwa Mwislamu, sehemu kubwa ya mgawo ilikwisha kufanywa katika Suratun Nisaa, aya ya 11, 12 na 176. Kazi ambayo wasia pekee unaweza kuifanya ni kueleza: hiki changu, hiki si changu, huyu ananidai, yule namdai, kile nilishampa fulani na akakipokea. Ukiandika hayo tu, bila kumuusia mtu hata senti, umeshazima nusu ya magomvi.

Jirani wawili, sheria mbili

Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981, na nia yake ilikuwa iwe moja kwa kila Mkenya. Waislamu waliipinga, na mwaka 1990 ikarekebishwa: mali ya Mwislamu aliyekufa, awe ameacha wasia au hakuacha, hugawiwa kwa sheria ya Kiislamu. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, imeipa mahakama ya kadhi mamlaka juu ya ndoa, talaka, hadhi ya mtu na mirathi, mradi wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Asiyetaka kwa kadhi anaweza kwenda Mahakama Kuu. Wako wanaokimbilia huko wakidhani hesabu itabadilika. Haibadiliki, jaji naye ataihukumu mali ya Mwislamu kwa sheria ile ile ya Kiislamu.

Kwa hivyo watu wawili wa Malindi wanaopakana ua, mmoja Mwislamu na mmoja Mkristo, wakiandika wasia wenye maneno yale yale, karatasi zao hazitafanya kazi sawa. Mkristo anaweza kuusia mali yake yote kwa amtakaye, ingawa mahakama inaweza kuingilia kati, kama tutakavyoona. Mwislamu ana theluthi.

Theluthi, na hata hiyo ni nyingi

Saad bin Abi Waqqas aliugua Makka, akamuuliza Mtume kama atoe theluthi mbili za mali yake, kwa kuwa mrithi wake alikuwa binti mmoja. Akakatazwa. Nusu? Akakatazwa. Theluthi? Akaambiwa: theluthi, na theluthi ni nyingi, kuwaacha warithi wako wakijiweza ni bora kuliko kuwaacha wakiomba watu. Mpaka umetoka hapo. Wasia ukizidi theluthi, ile ziada haipiti ila warithi wairidhie.

Kuna mpaka wa pili, na huu ndio unaovunja wasia nyingi zaidi: hakuna wasia kwa mrithi. Baba anaandika kwa moyo mweupe kabisa, "Nyumba namuusia mwanangu wa mwisho, ndiye aliyenitunza." Maneno hayo peke yake hayampi mtoto kitu, kwa sababu yeye ni mrithi na fungu lake linajulikana. Yatasimama tu kama warithi wengine watakubali, na ridhaa inayohesabiwa ni ile ya baada ya kifo. Kama walikubali baba akiwa hai kwa kumwonea haya, hawajajifunga.

Basi theluthi ni ya nani? Ni ya wale unaowapenda ambao hesabu ya mirathi itawapita. Wa kwanza kwangu ni wajukuu mayatima. Mwanao akifa kabla yako na wewe una mwana mwingine wa kiume aliye hai, watoto wa yule aliyetangulia hawapati kitu katika mirathi yako. Watu hushtuka wakisikia haya siku ya mgawo, na hapo hakuna la kufanya ila kuomba huruma za maami. Mlango wao ulikuwa wasia. Kundi jingine ni mtoto wa kulea, ambaye harithi kwa kulelewa. Kisha jamaa asiye Mwislamu: aliyesilimu akamwacha mama yake Mkristo kule Kilifi hawezi kumrithisha, lakini kumuusia anaweza. Na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa: mwaka 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba asibaguliwe katika mali ya baba Mwislamu, na mjadala wa masheikh juu ya uamuzi huo haujatulia. Baba mwenye mtoto kama huyo asiuache mjadala umalizikie juu ya kichwa cha mwanawe. Amwandikie katika theluthi.

Sasa tufanye hesabu, maana bila tarakimu mambo haya hubaki hewani. Marehemu wa Langoni ameacha nyumba ya shilingi 4,000,000, shamba la 900,000, mashua na mashine yake 400,000, na fedha taslimu 100,000. Jumla 5,400,000. Hupunguzwa kwanza gharama za maziko, tuseme 60,000. Kisha madeni: 200,000 za saruji na mbao dukani, na 100,000 za mahari ambayo mke hakuwahi kulipwa. Mahari isiyolipwa ni deni kama la duka, na mjane hulichukua kabla ya kuchukua fungu lake. Kinabaki 5,040,000. Theluthi yake ni 1,680,000, lakini mzee huyu alikuwa na busara, akawausia wajukuu wake mayatima sudusi, yaani moja ya sita: 840,000.

Cha warithi sasa ni 4,200,000. Mke, kwa kuwa kuna watoto, ana thumuni: 525,000. Mama wa marehemu yuko hai, ana sudusi: 700,000. Zilizobaki 2,975,000 ni za wana wawili na mabinti watatu, mwana kama mabinti wawili, kwa hivyo mafungu saba: kila mwana 850,000, kila binti 425,000. Rudi uangalie cha wajukuu: 840,000. Karibu sawasawa na ambacho kila ami yao amepata. Mzee hakuhitaji mahakama wala kikokotozi. Alikaa na mwalimu mmoja siku moja akapiga hesabu.

Turudi kwa kijana wa Jeddah. Tuseme pesa alizotuma ni 900,000. Kama zilikuwa zawadi kwa baba, ghorofa yote ni mirathi na hesabu ya juu inasimama vile vile. Kama zilikuwa mkopo, ni deni: linatoka kabla ya wasia na kabla ya mafungu, na fungu la kila binti linashuka kutoka 425,000 hadi karibu 349,000. Kama walikubaliana kuwa washirika wa jengo, basi sehemu ya kijana haikuwa mali ya marehemu tangu mwanzo. Pesa ni zile zile, majibu ni matatu, na kila jibu lina mshindi wake. Mstari mmoja wa baba ungetosha. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa kinachopotea kwanza si mali.

Nyumba haikatwi kwa msumeno

Tatizo la Lamu ni kwamba mali yenyewe, mara nyingi, ni nyumba tu. Mafungu yote hapo juu ni ya hewani mpaka mtu atoe pesa. Warithi wanaweza kuiuza na kugawana. Mmoja wao anaweza kuwanunua wenzake, na wengine wakatoka katika mirathi kwa walichopewa. Hili linajuzu wakiridhiana, ila thamani ikadiriwe na mtu asiye jamaa. Au wanaweza kuiacha kwa majina ya wote, kila mmoja na sehemu yake imeandikwa kwenye hati. Njia ya tatu ndiyo inayopendwa kwa sababu haimuudhi mtu leo. Mimi siipendi. Kizazi kimoja baadaye nyumba ina wenyewe thelathini, robo yao hawajawahi kukanyaga Lamu, paa linavuja na hakuna wa kununua boriti.

Wazee wa hapa walilijua hilo. Desturi ya waungwana ilikuwa binti akiolewa apewe nyumba, au ajengewe juu ya nyumba ya wazazi, na ukosefu wa kiwanja ndio uliozaa wikio, kile chumba kinachopita juu ya njia na kuunga nyumba mbili. Ukipita chini ya wikio unapita chini ya mirathi ya mtu. Wengine waliweka nyumba wakfu kwa kizazi chao, isiuzwe wala isigawiwe, na ziko wakfu zilizo chini ya Tume ya Wakfu. Wakfu ukiuweka ungali hai na mzima ni sawa. Ukiuandika katika wasia, nao unaingia katika theluthi.

Kumpa mtu ungali hai ni hiba, na hiba haina theluthi. Ndiyo njia wanayoifuata baba wenye mabinti watupu. Kwao hesabu inakwenda hivi: mke thumuni, mabinti wawili au zaidi theluthi mbili, na zinazobaki, tano kati ya ishirini na nne, huenda kwa ndugu wa kiume wa marehemu pamoja na dada zake. Baba anaona siku moja ndugu zake watakuja kugonga mlango wa wanawe. Anaweza kuwapa mabinti nyumba akiwa hai. Lakini hiba ina nguzo: atoe, wakubali, na wakabidhiwe. Nguzo ya tatu ndiyo inayosahauliwa. Kusema barazani miaka ishirini kwamba "nyumba hii ya Mwana" huku unakusanya kodi mwenyewe na hati iko kwa jina lako, hakujakabidhi kitu. Badilisha hati kwenye ofisi ya ardhi, au kama hati haipo, andika mbele ya mashahidi na umkabidhi ufunguo na kodi. Na usingoje ugonjwa wa mwisho, kwa sababu hiba ya maradhi ya mauti huhukumiwa kama wasia, na wasia kwa mrithi tumeshauona.

Kuwapa watoto kwa upendeleo ungali hai nako kumekemewa. Ukimpa mmoja nyumba, wenziwe wajue kwa nini, wasikie kutoka kinywani mwako.

Yapo mashamba mengi yasiyo na hati. Usiandike kana kwamba ipo. Eleza lilivyo: liko wapi, linapakana na nani, nani alilima kwanza, na minazi ni ya nani, maana mwenye ardhi na mwenye minazi si lazima wawe mtu mmoja.

Kwa asiye Mwislamu

Hapa sheria ni Sura ya 160, na masharti yake si mengi. Awe mtu mzima mwenye akili timamu. Aandike, atie sahihi au dole gumba. Mashahidi wawili au zaidi wamwone akitia sahihi, au awaambie kwamba sahihi ile ni yake, nao watie sahihi zao mbele yake. Wakili si lazima. Muhuri si lazima. Shahidi asiwe mtu aliyeachiwa kitu: akiwa shahidi, alichoachiwa hubatilika, labda wawepo mashahidi wengine wawili wasio na fungu. Wosia wa mdomo husimama tu ukisemwa mbele ya mashahidi wawili na msemaji akafa ndani ya miezi mitatu. Na ukioa au ukiolewa, wosia wa zamani umekufa, isipokuwa kama uliuandika ukiitazamia ndoa hiyo.

Uhuru wa kuusia una kikomo chake. Kifungu cha 26 kinamruhusu mke, mtoto au mtegemezi mwingine kuiomba mahakama imtengee kitu ikiwa wosia umemwacha bila riziki ya haki. Kama una sababu ya kumpunguzia mtoto, labda ulishamlipia ada za chuo au ulishampa kiwanja cha Mpeketoni, iandike sababu hiyo. Bila wosia, kwa mume wa mke mmoja, mjane hupata vyombo vya ndani na haki ya kuitumia mali iliyobaki maisha yake, kisha watoto hugawana sawa, wa kike na wa kiume. Mwenye wake wengi, mali hugawanywa kwa nyumba, kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba na kumwongeza mama yao kama mtu mmoja.

Mwislamu hafungwi na umbo hilo la mashahidi, lakini kulifuata hakumharibii chochote, na mbele ya korti yoyote humrahisishia. Chagua mashahidi wawili Waislamu, watu wazima, wasiokurithi, na ikiwezekana wenye umri mdogo kuliko wako. Hili la umri watu hulisahau. Huchagua wazee wa heshima, kisha wazee wanawatangulia.

Wasia wenyewe unaweza kuwa ukurasa mmoja, na umtaje wasii, yaani mtu atakayeutekeleza. Wa yule mzee wa Langoni ungesomeka hivi:

"Mimi, (jina kamili na namba ya kitambulisho), mkazi wa Langoni, Lamu, nikiwa na akili timamu na bila kulazimishwa, naandika wasia huu leo tarehe (siku, mwezi, mwaka) na kufuta wa nyuma wowote. Wasii wangu ni (jina). Asipokuwapo ni (jina). Nadaiwa dukani shilingi 200,000, na mke wangu ananidai mahari shilingi 100,000. Zilipwe kabla ya jingine. Nyumba ya Langoni ni yangu, chini na ghorofa. Pesa alizotuma mwanangu mkubwa zilikuwa (zawadi, au mkopo wa kiasi fulani). Friji, makabati, vitanda na dhahabu ni mali ya mke wangu. Sudusi ya kitakachobaki baada ya madeni ni ya wajukuu wangu, watoto wa marehemu mwanangu (jina), sawa kwa sawa. Kinachobaki kigawiwe warithi wangu kwa sheria ya Kiislamu."

Ule mstari wa friji usiudharau. Nimewahi kuona jamaa wa marehemu wakihesabu vijiko mbele ya mjane aliye edani, na yeye hana risiti hata moja ya vitu alivyovinunua kwa biashara yake ya mahamri.

Karatasi usiifungie kwenye kasha ambalo ufunguo wake anao mtoto mmoja. Nakala moja iwe kwa wasii, nyingine kwa mtu wa nje ya nyumba, na mashahidi wajue ziko wapi. Pitia upya kila unapooa, unapozaa, unapouza au unapolipa deni. Deni lililolipwa likabaki kwenye wasia litalipwa tena.

Na mtu akishakufa, simu yake iwekwe. Kutoa pesa zake za M-Pesa kwa kuwa mnaijua namba ya siri, au kuuza mashua yake kabla ya kuruhusiwa, ni kuingilia mali ya marehemu. Kwa aliye chini ya Sura ya 160 hilo ni kosa lenye faini ya hadi shilingi 10,000 au kifungo cha hadi mwaka mmoja, au vyote viwili. Na kwa Mwislamu pesa hizo si halali yenu mpaka madeni yatoke. Chukueni cheti cha kifo, barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, hata yule msiyemtaka, muende mahakamani.

Kama mwanao yuko nje na atakuja likizo Idi hii, mngoje mpaka dada zake wote wamekaa, kisha muulize mbele yao: "Mwanangu, zile pesa za ghorofa, ulinipa au uliniazima?" Andika atakalolijibu, na atie sahihi chini yake.